Kijidudu cha Chumvi Kali: Upime 16S, Usome Jenomu, au Ubaki na Vipimo vya Zamani?

Sahani ya petri imekaa wiki tatu kwenye joto la nyuzi 37, imefungiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili agari isikauke. Unaifungua na kukuta vidoa vyekundu, vingine vya waridi, kimoja cha rangi ya karoti. Maji yalichotwa Ziwa Magadi, au kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kule Kilifi, au Bagamoyo, au Ziwa Katwe nchini Uganda. Aliyeyachota anauliza swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kuliuliza: hiki ni kitu kipya? Halafu linakuja swali la pili, na ndilo lililonifanya niandike: pesa zilizopo ni za kipimo kimoja au viwili, nianze na kipi?

Nitaziweka njia zenyewe kando kwa kando. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa vijidudu vya chumvi kali, hasa hivi vyekundu, jenomu nzima, yaani DNA yote ya kijidudu, ndiyo ya kutoa hukumu, na jeni moja ya 16S, ile ya RNA ya ribosomu inayotumika kutambulisha ukoo, haitoshi. Lakini jenomu bila mbegu hai mkononi ni kazi iliyoachwa njiani. Ninaposema mbegu nina maana ya kizazi kimoja kilichotengwa na wengine, kikaoteshwa peke yake, na kinaweza kuoteshwa tena kesho na mwakani.

Kwanza ujue umeshika nini

Chumvi hazilingani. Aliyewahi kutia magadi kwenye maharage au makande anajua kuwa magadi si chumvi ya mezani. Ni soda, na maji yake yana pH inayofika 10 au zaidi, huku magnesiamu ikiwa karibu hakuna. Katwe nayo iko upande huo wa soda. Mashamba ya chumvi ya pwani yanatokana na bahari: pH yake iko karibu na 7 au 8, na magnesiamu ni tele. Kijidudu cha Magadi ukikipandia chakula cha pwani hakitaota, na cha pwani ukikipeleka kwenye soda kitakufa. Kwa hiyo kabla hujafikiria jeni yoyote, andika pH ya maji yako siku ile ile ya kuchota, hapo hapo ufukoni. Nimeona daftari zenye kila kitu isipokuwa namba hiyo, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuirudisha.

Ukitengeneza chakula cha upande wa soda, kabonati ya sodiamu ichemshwe kwenye chupa yake, uichanganye na vingine baada ya mvuke. Ukiichemsha pamoja na agari na chumvi nyingine utapata mashapo meupe chini ya chupa na agari isiyoganda sawasawa.

Jambo la pili ni kujua kama ulichonacho ni bakteria au ni akea, lile kundi lingine kubwa la viumbe visivyo na kiini cha seli. Wengi huamua kwa rangi: chekundu, basi ni akea. Hilo lilikuwa karibu sheria mpaka mwaka 2002, watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Hispania walipoeleza *Salinibacter ruber*, bakteria mwekundu anayeishi kwenye chumvi ile ile kali, bega kwa bega na akea. Tangu hapo rangi peke yake haikubaliki kama ushahidi.

Kuna jaribio dogo lisilogharimu chochote, nami nampa kila mgeni wa maabara alifanye kwa mkono wake mwenyewe. Chukua koloni kwa kijiti, likoroge kwenye tone la maji yaliyokenekwa juu ya kioo. Mwanzoni tone huwa na ukungu wa waridi. Mara ukungu unatoweka, tone linakuwa angavu, na ukiinua kijiti linavutika kama mlenda. Zile nyuzi ni DNA. Seli za akea hawa zimeshikwa na chumvi yenyewe. Chumvi ikiondoka, ukuta unalegea, seli inapasuka, na kila kilichokuwa ndani kinamwagika. Bakteria wengi wa chumvi ya kati hawapasuki hivyo. Lakini jaribio hili nalo lina mpaka wake: akea wa jenasi *Halococcus* wana ukuta mnene na hawapasuki kwa maji, kwa hiyo tone likibaki na ukungu usikimbilie kusema ni bakteria.

Jaribio hilo hilo linaeleza kwa nini rangi ya Gram, ile ya kupaka seli ili zionekane na kugawanywa kwa darubini, ikifanywa kwa njia ya kawaida hutoa kioo kitupu. Njia iliyoelezwa na mtafiti Dussault mwaka 1955, ya kukaza seli kwa asidi ya asetiki ya asilimia 2 ambayo wakati huo huo inaondoa chumvi, bado ndiyo inayotumika.

Jeni ya 16S: rahisi, na ina mtego

Faida za 16S zinajulikana. Ni jeni yenye herufi za DNA (A, C, G na T) kama 1,500, kila bakteria na kila akea anayo, vianzishi vyake, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kuinakili, vinapatikana popote, na hifadhi za data zimejaa mifuatano ya kulinganishia. Ndani ya siku chache unajua ukoo wa kijidudu chako. Kwa bei, jenomu nzima haiikaribii.

Tatizo liko kwenye mpaka tunaouchora. Mwaka 1994 ilipendekezwa kuwa mbegu mbili zikifanana chini ya asilimia 97 kwenye jeni hiyo, hizo ni spishi mbili. Mwaka 2006 mpaka ukapandishwa hadi karibu 98.7. Maana yake halisi ni ya upande mmoja tu: ukiwa chini ya hapo, una sababu nzuri ya kuamini kuwa umepata spishi mpya, ukiwa juu ya hapo, hujui kitu bado. Kwenye jenasi *Halorubrum*, kwa mfano, spishi zilizokubalika zinakaribiana sana kwa 16S, zikiupita mpaka huo, ilhali jenomu zake ziko mbalimbali. Mtu anayetupa mbegu kwa sababu imetoka na asilimia 99 huenda ametupa spishi mpya.

Kwa akea wa chumvi kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Seli moja inaweza kubeba nakala mbili au zaidi za 16S zisizofanana. Mfano unaojulikana sana ni *Haloarcula marismortui*, kijidudu cha Bahari ya Chumvi iliyo kati ya Jordan na Israeli. Hata jina lake lina maana ya bahari mfu. Mwaka 1992 iligunduliwa kuwa nakala zake mbili zinatofautiana kwenye herufi 74 kati ya 1,472, yaani asilimia 5. Kiumbe kimoja, seli moja, na kwa mpaka wa asilimia 97 ungekigawa spishi mbili! Baadaye ilionekana kuwa nakala moja hutumika zaidi joto linapopanda, kwa hiyo tofauti hiyo si takataka iliyosahaulika ndani ya DNA bali ina kazi.

Kwenye meza ya maabara mtego huo una sura yake. Unapeleka DNA kusomwa, na picha inayorudi ina vilele vilivyopandana: hapa A juu ya G, pale C juu ya T, halafu inatulia, halafu vinapandana tena. Wazo la kwanza ni uchafu, kwamba mbegu hazikutengana. Mimi na mwenzangu tuliwahi kuipitisha mbegu moja kwenye sahani mpya mara tatu, kila mara tukichagua koloni moja la pembeni kabisa, na kila mara vilele vilirudi palepale kwenye herufi zile zile. Uchafu haurudi kwa nidhamu namna hiyo. Zilikuwa nakala mbili za mbegu moja. Hatari kubwa iko kwa yule ambaye hakuona vilele, kwa sababu bahati ilimpa nakala moja tu. Akiilinganisha na nakala ya pili ya spishi jirani, anapata asilimia 95, anafurahi, anaandika makala ya spishi mpya ambayo haipo.

Kwa hiyo: kwa bakteria wa chumvi, kama wale wa jenasi *Halomonas*, 16S ni mwanzo mzuri na mara nyingi inakuelekeza kwenye jenasi sahihi. Kwa akea, iamini kwa ukoo mpana tu, na asilimia yoyote unayoipata iandike kwa penseli.

Jeni ya rpoB': ya kuchuja

Hii hutengeneza sehemu moja ya kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA. Kwa akea wa chumvi iko nakala moja tu kwenye seli, kwa hiyo ule mkanganyiko wa vilele haupo, na inabadilika haraka kuliko 16S kiasi cha kutenganisha spishi zilizo karibu. Gharama yake ni kama ya 16S. Udhaifu wake ni kwamba hifadhi ya mifuatano ya kulinganishia ni ndogo zaidi, na bado ni jeni moja. Ukiwa na mbegu 40 na bajeti ya kusoma jenomu 3, hii ndiyo ya kukuonyesha zipi zinafanana na zipi zimekaa peke yake kwenye mti wa ukoo. Siitumii kutoa jina.

Jenomu nzima

Kabla ya jenomu kuwa rahisi kusomwa, hukumu ya spishi ilitolewa kwa kuoanisha DNA ya mbegu moja na ya nyingine na kupima zinavyoshikana. Kamati ya wataalamu iliweka mpaka wa asilimia 70 mwaka 1987. Njia hiyo ilihitaji kila jozi ipimwe upya, ikihitaji pia mbegu ya spishi jirani iagizwe kutoka ng'ambo, na maabara mbili ziliweza kupima jozi ile ile zikatoa namba tofauti. Hakuna kilichobaki kwenye hifadhi zaidi ya namba yenyewe.

Siku hizi unasoma jenomu mara moja, halafu kompyuta inafanya ulinganisho na kila spishi iliyokwishasomwa. Kipimo kinachotajwa zaidi ni wastani wa ufanano wa herufi za DNA, ANI kwa kifupi, ambao mpaka wake wa spishi uko kwenye asilimia 95 hadi 96. Cha pili ni ule uoanishaji wa zamani unaokadiriwa kwa kompyuta, dDDH, na mpaka wake umebaki asilimia 70. Ninachokithamini zaidi ya namba zenyewe ni kwamba jenomu ikishawekwa hadharani, mtu yeyote, awe Dodoma au Osaka, anaweza kurudia hesabu yangu na kunisahihisha. Jarida rasmi la kutangazia spishi za bakteria na akea, IJSEM, linadai jenomu kwa kila spishi mpya tangu 2018. Kwa hiyo hata kama ungependa kuikwepa, utakutana nayo mlangoni.

Kupata DNA yenyewe kwa akea ni rahisi kuliko kwa bakteria wa kawaida, kwa sababu ile ile ya tone la mlenda: seli zinajipasua zenyewe ukiondoa chumvi. Kazi ni kuosha chumvi iliyobaki ili isiharibu hatua zinazofuata.

Penye shida pako hivi. Akea wengi wa chumvi wana DNA yenye G na C nyingi, kati ya asilimia 60 na 70, na vipande vifupi vya usomaji hupata taabu kuziunganisha sehemu zinazojirudia. Pia wana plasmidi kubwa, yaani duara za DNA zilizo kando ya kromosomu, nyingine zikibeba jeni za lazima, kwa hiyo ukisoma kwa vipande vifupi tu utapata jenomu iliyokatikakatika na zile nakala mbili za 16S zikiwa zimeunganishwa kuwa moja ya uongo. Pesa zikiruhusu, ongeza usomaji wa vipande virefu.

Na kuna jambo la kibiolojia linalonivutia kila nikilifikiria. Mwaka 2012 ilionyeshwa kuwa *Haloferax volcanii* na *Haloferax mediterranei*, spishi mbili ambazo jenomu zake zinafanana chini ya asilimia 87, seli zao zinaweza kuungana na kubadilishana vipande virefu vya DNA, mamia ya maelfu ya herufi kwa mkupuo mmoja. Ukuta kati ya spishi una milango. Ndiyo maana mti wa ukoo uliojengwa kwa jeni moja, yoyote ile, unaweza kukudanganya: huenda jeni uliyoichagua ndiyo iliyohamia juzi kutoka kwa jirani. Jenga mti kwa jeni nyingi za msingi zinazopatikana kwa wote.

ANI ikitoka 91, hakuna ubishi. Ikitoka 98, mbegu yako ni ndugu wa spishi iliyopo, nayo pia ni habari ya kuandikwa, hasa kama spishi hiyo haijawahi kuonekana Afrika Mashariki. Ikitoka 95.4 ndipo mtafiti anapotakiwa kutulia. Hapo angalia dDDH, angalia mti, angalia tabia. Usichague kipimo kinachokupa jibu unalolitaka. Na ulinganishe na spishi zote za jenasi, usiishie kwa ile iliyotajwa ya kwanza na 16S, kwa sababu tumeshaona jinsi 16S inavyoweza kumtaja jirani asiye jirani.

Vipimo vya zamani: polepole, na bado vina kazi

Hapa ninamaanisha viwango vya chumvi, pH na joto ambavyo mbegu inaota, sukari na asidi za amino inazokula, viuavijasumu vinavyoiua, na lipidi za utando wake zilizotandazwa kwenye bamba la silika. Ni kazi ya miezi. Kijidudu kinachogawanyika mara moja kwa siku hakiwezi kuharakishwa.

Lipidi zinastahili neno zaidi. Akea hutengeneza utando wao kwa minyororo iliyounganishwa kwa ithari, tofauti na esta za bakteria, kwa hiyo bamba moja linamaliza ubishi wa akea au bakteria. Ndani ya akea wenyewe, lipidi zenye sukari hutenganisha jenasi: ukinyunyizia dawa ya kuonyesha sukari na kupasha moto, madoa yanajitokeza mahali tofauti kwa *Haloarcula* na kwa *Haloferax*. Wale wa maziwa ya soda kwa kawaida hawana kabisa lipidi zenye sukari, na bamba lao linaonyesha fosfolipidi tu. Ukiona bamba la mbegu ya Magadi lina doa kubwa la sukari, shuku kwanza kuwa umechanganya chupa.

Lakini lipidi hazitenganishi spishi na spishi. Na mengi yanayopimwa kwa vijiti vya rangi yanatabirika ukisoma jenomu. Ningepunguza orodha. Nisingepunguza viwango vya chumvi, pH, joto na magnesiamu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosema kijidudu kinaishi vipi, na mtu atakayekihitaji miaka 20 ijayo kwa kimeng'enya au kwa rangi atavitafuta hivyo kwanza. Jenomu inakwambia kuna jeni ya kuingiza potasiamu. Haikwambii kuwa mbegu inakata tamaa chini ya asilimia 12 ya chumvi na inastawi kwenye 22.

Onyo dogo la vitendo kuhusu peptoni, ile protini iliyomeng'enywa inayotiwa kwenye chakula cha vijidudu: peptoni si peptoni. Baadhi ya aina zake zina mabaki ya asidi za nyongo zinazopasua seli za akea wa chumvi, na mbegu iliyokuwa ikiota vizuri inaweza kugoma ghafla kwa sababu tu chupa mpya imefunguliwa. Kabla hujaandika kuwa haioti, jaribu peptoni nyingine.

Kuna pia mashine ya kupima uzito wa protini, MALDI-TOF, iliyozoeleka hospitalini. Inatambua koloni kwa dakika, ila kwa kile tu kilichomo kwenye maktaba yake, na maktaba hizo zilijengwa kwa vijidudu vya wagonjwa. Ina faida ya kupanga makoloni yanayofanana pamoja. Kwa spishi mpya haina neno.

Utaje jina kwa kanuni ipi?

Hili watu hulifikiria mwisho, ilhali linaamua mengi ya mwanzo. Kuna kanuni mbili.

Ya kwanza ni kanuni ya kimataifa ya majina ya prokariota (bakteria na akea), ICNP. Inataka mbegu hai iwekwe kwenye hifadhi mbili za umma zilizo katika nchi mbili tofauti, mfano DSMZ ya Ujerumani na JCM ya Japani, na iweze kupatikana bila vizuizi. Jina lichapishwe IJSEM, au likichapishwa kwingine liorodheshwe humo baadaye. Ya pili ni SeqCode, iliyotoka 2022 baada ya pendekezo la kukubali DNA kama kielelezo chini ya ICNP kukataliwa. Kwa SeqCode, kielelezo cha spishi ni jenomu yenyewe, hata kama kijidudu hakijawahi kuota kwenye sahani, mradi jenomu ina ubora wa kutosha.

Hoja ya SeqCode si ndogo. Mwaka 1980, mtafiti Walsby aliona kwenye maji ya chumvi ya Sinai seli bapa zenye pembe nne, mraba kama vipande vya kioo. Ulimwengu ulizijua, ukaziona kwa darubini kwenye mashamba ya chumvi ya mabara mengi, na hakuna aliyeweza kuziotesha mpaka 2004, makundi mawili, moja kwa mbegu ya Hispania na jingine kwa mbegu ya Australia, yalipofaulu kwa nyakati zinazokaribiana. *Haloquadratum walsbyi* ilipata jina rasmi 2007. Miaka 27 bila jina halali, kwa kiumbe ambacho mara nyingi ndicho kingi kuliko vyote kwenye maji hayo. Na kuna vidogo zaidi, vile vya kundi la nanohaloakea vilivyojulikana kwa jenomu kutoka Ziwa Tyrrell la Australia, vinavyotegemea seli nyingine kuishi. Kuvidai vioteshwe peke yake ni kudai visichoweza.

Hata hivyo, kama mbegu yako inaota, nakusihi upite njia ya ICNP. Tuangalie Magadi wenyewe. Mwaka 1984 Tindall, Ross na Grant walieleza jenasi mbili mpya za akea wapenda chumvi na soda, *Natronobacterium* na *Natronococcus*. Mojawapo ya spishi iliitwa *Natronobacterium magadii*, jina lililobeba neno letu la jikoni. Mwaka 1997 Kamekura na wenzake, wakiwa na mifuatano ya 16S ambayo haikuwepo mwanzoni, walionyesha kuwa spishi zilizowekwa kwenye jenasi hiyo moja hazikuwa za ukoo mmoja. *magadii* ikahamia *Natrialba*. Ile ya Wadi Natrun ya Misri ikawa *Natronomonas pharaonis*. *Natronobacterium gregoryi* ikabaki mahali pake. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu mbegu zilikuwa hai kwenye hifadhi, na mtu mwenye chombo kipya aliweza kuziagiza na kuzipima upya. Jenomu nayo inaweza kuchambuliwa tena, lakini huwezi kuiuliza swali ambalo jibu lake haliko kwenye herufi.

Sharti la kupatikana bila vizuizi linagongana na sheria zetu, na ni heri ulijue mapema. Kenya ina kanuni za 2006 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, pamoja na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi; Tanzania kibali cha utafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi ya huko. Sheria hizo ni za haki: vijidudu vya maziwa ya soda vina vimeng'enya vinavyofaa kwenye sabuni na viwanda vya nguo, na jamii inayoishi kando ya ziwa isiachwe nje. Lakini kibali kisichoruhusu mbegu kuwekwa kwenye hifadhi ya umma kitakuzuia kutangaza spishi baada ya kazi yote. Omba ruhusa hiyo kwa maneno yake, ndani ya barua ya kwanza kabisa.

Basi uchague nini?

Una mbegu nyingi na pesa kidogo: zipange kwa umbo na rangi, pima 16S kwa zote, rpoB' kwa akea, halafu weka pesa yote iliyobaki kwenye jenomu ya mbegu moja au mbili zilizokaa mbali na wengine. Jenomu moja nzuri ina thamani kuliko 16S thelathini zenye vilele vilivyopandana.

Una mbegu moja tu unayoishuku: ruka rpoB'. Nenda kwenye jenomu moja kwa moja, na huku inasomwa anza majedwali ya chumvi, pH na joto, kwa sababu hayo hayawezi kuharakishwa.

Una maji na DNA yake, lakini hakuna kilichoota: usikate tamaa ya kuotesha mapema. Makundi yaliyofaulu kwa seli za mraba yalisubiri wiki nyingi kwenye vyombo ambavyo wengine wangeshavimwaga. Ukishajaribu kwa dhati na jenomu yako ni safi, SeqCode ipo kwa ajili yako.

Uko kwenye maabara isiyo na mashine ya kusoma DNA: vipimo vya zamani unaweza kuvifanya vizuri kabisa kwa chumvi, mizani, kipima pH na subira, na DNA ukaituma nje. Unachopaswa kukilinda zaidi ni mbegu. Igandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ndani ya glaseroli, na hapa ndipo nilipoona mbegu nyingi zikipotea: glaseroli ilichanganywa na maji matupu, kama inavyofanywa kwa bakteria wa kawaida. Seli zilipasuka kabla hazijaganda, na miezi sita baadaye vichupa vikafunguliwa havina kitu. Changanya glaseroli na maji yenye chumvi ile ile na pH ile ile ya chakula ulichooteshea, gandisha vichupa vitano badala ya kimoja, na wiki moja baadaye yeyusha kimoja ukipande kwenye sahani mpya. Kikiota, tuma barua kwa hifadhi mbili siku hiyo hiyo. Vyeti vyao huchukua muda kutoka, na IJSEM haitaipokea spishi yako bila hivyo.